Kuchagua Mashine Ndogo ya Kukereza kwa Anayeanza Kutengeneza Kalamu za Mbao

Ukipita katika karakana za useremala za Ngamiani au Makorora, mjini Tanga, ukauliza mashine nzuri ya kukereza ni ipi, utaelekezwa kwenye mashine ndefu, yenye nafasi ya kushika mti wa mita moja au zaidi, kwa sababu kazi inayoleta fedha katika karakana hizo ni matendegu ya vitanda, miguu ya meza na nguzo za ngazi. Ushauri huo ni sahihi kwa anayeutoa. Anayetaka kukereza kalamu, hata hivyo, ana mahitaji mengine, kwani kipande chake cha mbao kina upana wa milimita 19 hivi kila upande na urefu wa milimita 125, na kikishagawanywa mara mbili kila nusu haizidi sana milimita 60. Mashine ya kazi hiyo huchaguliwa kwa kuangalia unyoofu wake, tundu la shafti yake, mota yake, na iwapo siku itakapoharibika itatengenezeka hapa hapa bila kusubiri kifaa kivuke bahari.

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye hajawahi kumiliki mashine ya kukereza, anataka kuanza na kalamu, na fedha yake haimruhusu kununua mara mbili. Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: kwa kazi hii, mashine fupi na nzito, inayobadilishwa mwendo kwa mkanda, yenye mota ya kawaida ya induksheni na tepa ya Morse namba 2 (kipimo cha tundu la shafti nitakachokieleza mbele), inafaa kuliko mashine ya bei kubwa zaidi yenye kidhibiti mwendo cha kielektroniki. Kwa fundi anayekereza mabakuli nisingesema hivyo.

Kazi yenyewe inadai nini

Kalamu ya kuanzia ni ile nyembamba ya sehemu mbili. Kila sehemu ya mbao hutobolewa katikati kwa biti ya milimita 7, mrija mwembamba wa shaba hugundishwa ndani yake kwa supa gluu au kwa gundi ya epoksi, kisha ncha za mbao husawazishwa ziwe mraba na mrija. Baadaye sehemu zote mbili huvishwa kwenye mandreli, ambayo ni fito ya chuma yenye unene wa milimita 6 na kidogo, pamoja na bushi, yaani pete za chuma ambazo kipenyo chake ndicho kipimo ambacho mbao inapaswa kufikia. Upande mmoja wa mandreli huingia katika shafti ya kichwa cha mashine, na upande wa pili huegemea senta inayozunguka, yaani ncha ya chuma ya kuegemezea kazi, iliyo katika kichwa cha nyuma, ambacho mafundi hukiita mkia. Patasi huondoa mbao hadi ilingane na bushi, msasa hufuata, kisha nta au gundi ya kung'arisha, na mwisho vipuri hukandamizwa ndani ya mirija.

Katika maelezo hayo kuna jambo moja linaloamua karibu kila kitu. Mrija una kipenyo cha milimita 7, na bushi ya kalamu hii ina milimita 8 na kidogo. Maana yake ni kwamba, karibu na ncha, mbao inayobaki juu ya mrija ni pungufu ya milimita moja. Tendegu la kitanda likipotoka kwa nusu milimita hakuna atakayelijua, wala anayelala juu yake hatapungukiwa na usingizi. Kalamu ikipotoka kwa kiasi hicho, upande mmoja wa mbao utakuwa mwembamba hadi kutoboka na upande wa pili utasimama juu ya pete ya shaba kama kizingiti, na kila atakayeishika ataligundua hilo kwa kidole kabla ya kuliona kwa jicho. Kwa sababu hiyo, unyoofu kati ya kichwa na mkia ndilo jambo la kwanza kulikagua, kabla ya nguvu ya mota, kabla ya rangi, na kabla ya bei.

Kuupima unyoofu hakuhitaji vifaa vya maabara. Chomeka senta yenye ncha kali katika shafti, weka nyingine yenye ncha kali mkiani, kisha sogeza mkia hadi ncha mbili zibakize nafasi ya unene wa wembe kati yao. Zitazame kutoka juu, kisha inama uzitazame kutoka ubavuni. Zikikutana sawasawa, zungusha gurudumu la mkia ili mhimili wake utoke nje kwa milimita 50 hivi, rudisha mkia nyuma, na urudie kuzitazama, kwa kuwa ziko mashine ambazo hulingana mhimili ukiwa ndani na kupotoka ukiwa nje. Halafu kaza kabari ya kufungia mkia huku ukiangalia ncha: ikiruka pembeni wakati wa kukaza, mkia unacheza kwenye reli unayotelezea. Tofauti ya kulia na kushoto mara nyingi hurekebishika kwa kulegeza bolti za kichwa au kwa kunyoosha meza ambayo mashine imefungwa, kwani meza iliyopinda huweza kuipinda hata reli ya chuma. Tofauti ya juu na chini imetoka nayo kiwandani. Huweza kusahihishwa kwa kuwekea vibati vyembamba chini ya sehemu iliyo fupi, lakini anayeanza asijinunulie kazi hiyo ilhali bado anajifunza kushika patasi.

Muuzaji asiyekubali jaribio hili lifanyike, au anayesema kwamba senta za mashine zimepotea, amekwisha kukupa jibu.

Tundu la shafti na nyuzi zake

Vifaa vya kukerezea kalamu hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa, na kipimo kikuu ni tepa ya Morse, yaani tundu linalopungua upana taratibu ndani ya shafti na ndani ya mkia, ambamo mandreli na senta hukaa kwa kubana bila nati. Tepa iliyoenea zaidi kwa mashine ndogo za maana ni namba 2, inayoandikwa MT2. Mashine za bei ya chini huja na namba 1, na zile ndogo mno za kukerezea shanga mara nyingi hazina tepa yoyote. Tangazo likinyamaza kuhusu jambo hili, beba kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo: mdomo wa tundu la namba 2 una kipenyo cha karibu milimita 17.8, na wa namba 1 karibu milimita 12. Mandreli, senta na vishikizo vya biti vya namba 2 hupatikana kwa wingi zaidi, na ukija kununua mashine kubwa zaidi kwa namba hiyo hiyo utahama na vifaa vyako vyote.

Hakikisha pia kwamba shafti ina tundu linalopita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mandreli iliyokaa katika tepa haitoki kwa kuvutwa. Husukumwa kwa fito kutoka nyuma, na shafti isiyopenya itakulazimisha kugongagonga mbele kwa nyundo na kuziumiza beringi.

Kuhusu nyuzi za nje ya shafti, ambako hufungwa chaki ya taya nne, yaani kishikio cha kubana mbao, nitasema machache, kwa kuwa kukereza kalamu hakuhitaji chaki, ingawa kutobolea kwenye mashine kunaihitaji. Nyuzi zinazokutana mara kwa mara ni inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa kila inchi, M33 yenye hatua ya milimita 3.5, na katika mashine nyepesi M18 yenye hatua ya milimita 2.5. Mbili za kwanza zina chaki na adapta nyingi sokoni. Andika kipimo cha mashine yako mahali usipoweza kukipoteza, maana chaki ya nyuzi tofauti haitaingia, na haifai kulazimishwa.

Senta inayozunguka ya mkiani nayo ina neno lake. Kishimo cha mwisho wa mandreli kimechimbwa kwa pembe ya digrii 60, na senta yenye pembe nyingine hugusa ukingo tu, ikaula taratibu, na fito ikaanza kuyumba. Senta nyingi zinazokuja na mashine si za digrii 60, kwa hiyo iweke katika hesabu yako mapema. Ni kifaa kidogo kinachookoa kalamu nyingi.

Mwendo, mota na umeme wa hapa

Wauzaji husifia sana mashine ambayo mwendo wake hupandishwa na kushushwa kwa kitufe. Ni raha kweli, na anayekereza mabakuli anaihitaji, kwa sababu bakuli la kipenyo cha milimita 250 huanza likiwa halina mizani na lazima lizungushwe polepole, kisha mwendo upandishwe kidogo kidogo. Kalamu haina shida hiyo. Kalamu ya kipenyo cha milimita 12 ina mzingo wa milimita 38 hivi, kwa hiyo hata kwa mizunguko 2,500 kwa dakika uso wake hupita mbele ya patasi kwa mita 94 tu kwa dakika, ilhali ukingo wa bakuli lile, kwa mizunguko 800 tu, hupita kwa zaidi ya mita 600. Kitu chembamba hutaka kuzungushwa kwa kasi ndipo kikatike safi, na kwa kuwa kalamu zote ni nyembamba, kasi hiyo haibadiliki sana kutoka kalamu moja hadi nyingine. Mizunguko ya 500 hadi 800 ya kutobolea, 1,000 hivi ya msasa na ya kupaka gundi ya kung'arisha, na 2,000 hadi 3,000 ya kukereza: hiyo ndiyo safari nzima. Mashine ya mkanda yenye hatua tano au sita kati ya 500 na 3,500 au zaidi imeyamaliza yote, na kuhamisha mkanda kutoka puli moja hadi nyingine hakuchukui hata dakika moja ukishazoea.

Kuhusu nguvu, nusu ya nguvu farasi, yaani wati 370 hivi, inatosha kabisa, na hata theluthi moja, wati 250, itakereza kalamu ya mpingo ikiwa patasi imenolewa. Mashine ya wati 370 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima hula umeme wa nusu uniti hivi tu, kwa hiyo asitokee mtu wa kukutisha kwa habari ya luku.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni aina ya umeme ambao mota ilitengenezewa. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Mashine zinazouzwa Kenya, Oman na Falme za Kiarabu zimetengenezewa umeme unaofanana na huo, kwa hiyo anayeletewa mzigo na jamaa walioko Maskati au Dubai hana la kuhofia zaidi ya kusoma kibandiko cha mota. Za China huwa na volti 220 na hezi 50, nazo hufanya kazi vizuri hapa, ila plagi yake hubadilishwa kwa ya pini tatu bapa, na waya wa ethi uunganishwe kwa kweli badala ya kukatwa kama tunavyoona mara nyingi. Hatari ipo katika mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme ni volti 120 na hezi 60. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi. Mota ya induksheni ya hezi 60 ikiwekwa kwenye hezi 50 huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na hupata joto zaidi, na huweza kuungua ikifanyishwa kazi muda mrefu. Mashine ya Saudi Arabia nayo isomwe kibandiko, kwa kuwa volti za huko zinaendana na zetu lakini hezi zao ni 60.

Sasa narudi kwenye kidhibiti cha kielektroniki. Mashine hizo hutumia kadi inayobadilisha umeme wa ukutani ili kuuendesha mwendo wa mota, na kadi hiyo haipendi umeme unaoruka, unaokatika ghafla na kurudi kwa nguvu, wala haipendi vumbi laini la mbao lililochanganyika na unyevu wa chumvi. Ikifa, kadi ya mashine hiyo tu ndiyo itakayoingia mahali pake, na kuipata kunaweza kuchukua miezi. Mota ya induksheni ina kapasita, waya na beringi. Kapasita huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, mafundi wa kusuka mota hawajaadimika mjini, na beringi huwa na namba ya kimataifa iliyochongwa ubavuni, mathalani 6004 au 6005, ambayo ukiitaja katika duka la vipuri vya pampu au pikipiki una nafasi nzuri ya kuipata siku hiyo hiyo. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumshauri anayeanza achague mkanda. Ikiwa tayari umeipenda mashine ya kielektroniki, basi inunulie stabilaiza nzuri na uichomoe ukutani kila umeme unapokatika, usisubiri urudi.

Mkanda wenyewe una ila moja. Mashine nyingi ndogo hazitumii mkanda wa kawaida wa umbo la V unaopatikana kila duka. Hutumia mkanda mwembamba bapa wenye mifereji midogo, ambao si rahisi kuupata hapa kwa urefu unaotakiwa. Agiza miwili ya akiba pamoja na mashine.

Urefu, uzito na mambo mengine ya mwili wa mashine

Mashine hutajwa kwa vipimo viwili: kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya reli, na umbali kati ya senta. Baadhi ya watengenezaji huviweka katika jina la modeli. JWL-1015 ya kampuni ya Jet, kwa mfano, ina inchi 10 za kipenyo na takribani 15 za umbali, na JWL-1221 ina 12 kwa 21. Watengenezaji wa Ulaya mara nyingine hutaja nusu ya kipenyo, yaani kimo cha senta juu ya reli, kwa hiyo usilinganishe namba kabla ya kujua kilichopimwa. Kwa kalamu, inchi 10 za kipenyo, sawa na milimita 250 hivi, ni nyingi kuliko unavyohitaji. Umbali wa milimita 380 hadi 450 unatosha, hata unapotobolea kwenye mashine yenyewe, kazi ambayo hutaka nafasi ya chaki, kipande cha mbao, biti na kishikizo chake kwa mara moja.

Ukikusudia kutoboa kwa njia hiyo, na mimi nakushauri ukusudie, kwani tundu hutoka nyoofu kuliko la drili ya mkono, basi mhimili wa mkia uweze kutoka milimita 60 au karibu na hapo. Ukitoka milimita 40 tu utalazimika kusimamisha kazi katikati ya tundu na kuusogeza mkia mzima.

Uzito ni rafiki. Mashine ya inchi 10 iliyotengenezwa kwa chuma cha kusubu huwa na kilo 30 hadi 45, na uzito huo humeza mtetemo ambao vinginevyo ungeandikwa juu ya mbao kwa mistari midogo. Zipo mashine za bei nafuu zenye reli ndefu ya bomba au bati lililokunjwa, urefu wa mita moja, ambazo kwa macho zinaonekana kuwa na thamani zaidi kwa sababu ni ndefu. Ziache. Bomba hilo hunyumbuka kila unapokaza mkia, na tepa yake kwa kawaida ni namba 1.

Kiegemeo cha patasi kiwe kifupi, milimita 150 hivi, kinachofika karibu kabisa na mandreli bila kugonga mkia, na kinachokazika kwa mkono mmoja. Pitisha kidole juu yake. Kama kina makovu, yasawazishe kwa tupa siku ya kwanza.

Mashine ya kuundiwa mtaani na mashine ya mtumba

Mafundi wetu huunda mashine za kukereza kwa mota ya zamani, shafti, beringi mbili za kufungwa kwa bolti na chuma cha pembe, na mashine hizo zimelisha familia nyingi kwa miaka. Mtu akiuliza kama aundiwe moja fupi kwa ajili ya kalamu, jibu langu ni kwamba inawezekana kwa sharti moja gumu: tepa ya namba 2 katika shafti na katika mkia ikatwe na fundi mitambo mwenye mashine ya kukerezea chuma na rima (kifaa cha kupanulia tundu) ya tepa hiyo, na vichwa viwili vilinganishwe naye kabla ya kuchomelewa, kwa maana joto la kuchomelea huvuta chuma. Gharama ya kazi hiyo ikifanywa vizuri huikaribia bei ya mashine ndogo ya kiwandani, na ikifanywa vibaya unabaki na mashine ya matendegu mafupi.

Mashine ya mtumba, iwe imetoka Ulaya kwa kontena au imeuzwa na fundi anayehama, ni chaguo zuri kwa mwenye subira. Mbali na jaribio la ncha mbili, shika shafti kwa vidole na uivute juu na chini ukiwa umeondoa mkanda. Isicheze hata kidogo. Izungushe kwa mkono karibu na sikio, na ukisikia mkwaruzo wa mchanga, beringi zimekwisha, jambo ambalo hupunguza bei lakini haliiui mashine. Mulika tochi ndani ya tepa: kutu nyepesi husafishika, lakini mikwaruzo mirefu ya mviringo huonyesha kwamba mandreli iliwahi kuzunguka ndani ya tundu, na tundu hilo halitashika tena sawasawa. Iwashe kwa mwendo wa juu kwa dakika kumi, uguse mota, unuse. Harufu ya vanishi inayoungua haihitaji mtaalamu.

Kwa mashine mpya, wengi wa hapa hutegemea maduka ya mashine ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, au huagiza China kupitia mawakala wa mizigo, au huipata Mombasa na kuipitisha mpaka wa Horohoro. Kwa Kariakoo unalipa zaidi, lakini unaiona mashine ikizunguka kabla fedha haijatoka mfukoni, na unapewa risiti ya EFD ambayo ndiyo silaha yako ukirudi na malalamiko. Kwa kuagiza, uliza uzito wa mzigo ukiwa na kasha lake kabla ya kufurahia bei, kwa kuwa mashine ya kilo 40 husafirishwa kwa fedha isiyo ndogo, na muulize muuzaji akupe picha ya kibandiko cha mota na ya tepa iliyowekewa kalipa. Kwa Horohoro, tangaza mzigo na ulipe kinachopaswa kulipwa. Stakabadhi ya forodha itakusaidia pia siku utakapoiuza.

Fedha ya vifaa vingine isiliwe na mashine

Gawa bajeti yako kabla hujaingia dukani, ukiitengea mashine nusu, au theluthi mbili ikizidi sana. Zinazobaki zitanunua mandreli na bushi za milimita 7, senta ya digrii 60, biti, kifaa cha kusawazishia ncha, seti kadhaa za vipuri vya kalamu, ngao ya uso, na juu ya yote patasi na namna ya kuzinoa. Patasi tatu zinatosha: bobari pana ya kuondolea pembe, patasi ya mshazari ya kulainishia, na ya kukatia mipaka, zote za chuma cha kasi kubwa. Hizi zinahitaji jiwe la kunolea la umeme na mkono uliofundishwa. Wengine hupendekeza patasi zenye meno ya kabaidi yanayozungushwa yakichakaa, ambazo hazinolewi. Ni rahisi kuanza nazo, lakini meno yake huagizwa kutoka mbali, na kwenye mpingo, ambao mita ya ujazo moja ina uzito wa kilo 1,200 au zaidi, huisha upesi kuliko tangazo linavyosema. Mimi ningejifunza kunoa.

Mbao zenyewe hazitakugharimu sana hapa. Makombo ya mninga na mfenesi hutupwa motoni katika karakana nyingi, na mitiki hulimwa karibu tu, katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza. Anza na mninga au mtiki. Mpingo usubiri hadi patasi ikutii.

Kuisimika karibu na bahari

Funga mashine kwa bolti juu ya meza ya miti mizito, kwa kimo ambacho senta italingana na kiwiko chako ukiwa umesimama. Meza ikiwa nyepesi, weka rafu chini yake na uipakie mifuko ya mchanga. Mchanga huo uwe wa mtoni, kwa sababu ule wa ufukweni una chumvi, na chumvi ni adui tuliye naye tayari hewani.

Hewa ya Tanga huanza kuila reli iliyoachwa tupu kwa muda mfupi sana, hasa wakati wa masika. Futa vumbi la mbao kila umalizapo kazi, kwa kuwa vumbi hunyonya unyevu na kuukalisha juu ya chuma, kisha paka reli na mhimili wa mkia nta au mafuta mepesi ya mashine. Usipake mafuta ndani ya tepa; humo pafutwe kwa kitambaa kikavu, maana tepa hushika kwa msuguano. Mandreli na senta zichomolewe kila jioni, kwani zikilala ndani ya tepa kwa wiki kadhaa katika hewa hii huweza kushikana nayo kwa kutu hadi fito ya kusukumia ishindwe.

Kabla ya kuwasha, izungushe kazi kwa mkono duru moja kamili uhakikishe haigusi kiegemeo. Senta ya mkia ikazwe kwa kiasi cha kuzuia bushi zisiteleze, basi. Kukaza zaidi ya hapo ndiko kunakoipinda fito na kuharibu unyoofu wote uliougharimia. Asiyevaa ngao ya uso na barakoa asikereze, kwa kuwa vumbi la mpingo na la mninga huwasumbua wengi kifuani na kwenye ngozi. Kanzu, kikoi na mikono mipana ya shati vibaki nje ya karakana, na kina mama wafunge ushungi kwa kuuingiza ndani ya aproni, pasiwe na ncha ya kitambaa inayoning'inia mbele ya shafti inayozunguka mara 2,500 kwa dakika.